Reli Ipite kwa Nani?

Ukitaka kuwasha mjadala ndani ya matatu ya Rongai saa moja jioni, Magadi Road ikiwa imeshikana, taja treni. Kila mtu atakuchorea ramani yake. Mmoja ataitoa mjini aipitishe Lang'ata moja kwa moja, mwingine ataikunja pale Galleria aishushe hadi Multimedia, naye kondakta atakwambia ipite popote, bora isipite kwa stage yake. Nimeishi Rongai miaka sita sasa, na kati ya mainjinia wote niliosafiri nao sijasikia hata mmoja akisema, "Ipite kwangu."

Cha kuchekesha ni kwamba reli ishapita. SGR ya kwenda Suswa ina stesheni yenye jina letu, Ongata Rongai, imeandikwa kwa herufi kubwa. Lakini ukiipanda ili uende tao, itakupeleka kwanza hadi Syokimau, upande wa pili wa jiji, halafu uhamie treni nyingine ikurudishe katikati. Ni kama mtu kutoka jikoni kwenda sebuleni kupitia kwa jirani. Kwa hivyo tunarudi kwa mathree, spika zikitetemesha viti, na tunaendelea kuchora ramani.

Swali la reli ipite wapi ni kongwe kuliko Nairobi. Ndilo lililoizaa Nairobi. Na nikiangalia majibu yaliyotolewa tangu 1899, naona swali lenyewe halikuwa la mahali. Lilikuwa la watu: ipite kwa nani?

Tarehe 30 Mei 1899 reli iliyoanza Mombasa ilifika kwenye kinamasi ambacho Wamaasai walikiita kwa jina la maji yake baridi. Kwa mainjinia wa Uingereza sababu za kusimama hapo zilikuwa za kikazi tu. Palikuwa na maji ya kunywesha injini. Palikuwa tambarare ya kutosha kuweka karakana na kupanga mabehewa. Na mbele yake ardhi ilianza kupanda kuelekea milima ya Kikuyu kabla ya kuporomoka kwenye Bonde la Ufa, kwa hivyo ilibidi wajipange kwanza. Machakos, ambayo ndiyo ilikuwa makao ya utawala wao huku bara, ikaachwa kando. John Ainsworth, afisa wao wa pale Machakos, akafunga virago na kufuata reli hadi kwenye matope. Makao makuu ya reli nayo yakahamishwa kutoka Mombasa mwaka huohuo.

Kisha madaktari wakaanza kulalamika. Tauni ilipoingia mwaka 1902 bazaar ya Wahindi ilichomwa moto kwa amri ya serikali, na watu wa afya wakashauri mji wenyewe uhamishwe, kwa sababu maji machafu hayakuwa na pa kwenda. Walikuwa sahihi kabisa. Lakini karakana zilikuwa zimeshajengwa, reli imeshalazwa, pesa zimeshaliwa na ardhi. Mji ukabaki. Kila masika mvua inapogeuza barabara za South C na South B kuwa mito, huwa nawakumbuka wale madaktari. Mwaka 2024, mafuriko yalipobomoa nyumba Mathare na kuzamisha mitaa mizima, nilikumbuka pia kwamba kuna watu waliosema mapema, na kwamba waliojibu walijibu kwa hesabu ya gharama.

Wenyeji nao walikuwa na maoni yao, ingawa hakuna aliyewaita kwenye mkutano wa kuyatoa. Ukambani wanamkumbuka Syokimau, nabii aliyesema atakuja nyoka mrefu kutoka upande wa bahari. Leo stesheni yenye jina lake, iliyofunguliwa Novemba 2012 na Rais Kibaki, ndiyo ya kwanza kuzoeza watu wa Mlolongo na Katani kuegesha gari na kupanda treni kwenda kazini. Sijui kama kuna jiji jingine duniani ambalo limempa mtu aliyeonya kuhusu reli stesheni ya reli. Wanandi hawakuishia kwenye unabii: waling'oa vyuma na nyaya, wakapigana miaka mingi hadi Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei alipouawa kwenye kile alichoambiwa ni kikao cha amani. Huo nao ulikuwa mjadala wa njia ya reli, tena wa wazi kuliko mingi iliyofuata.

Wamaasai walipata karatasi. Mwaka 1904 walisaini mkataba na Waingereza, Olonana akiwa kati ya viongozi, wakahamishwa kutoka malisho ya Naivasha na Nakuru. Sababu ya msingi ilikuwa kwamba ardhi iliyo karibu na reli ilitakiwa na walowezi. Waliambiwa makubaliano yatadumu maadamu wao wapo kama kabila. Hayakumaliza hata miaka kumi. Kufikia 1911 waliokuwa wamepelekwa Laikipia wakaanza kusukumwa tena kusini. Narudia jambo hili kwa sababu watu hudhani reli inahitaji tu ule ukanda mwembamba inaopitia. Hapana. Reli ikipita, kila kipande kilicho karibu nayo kinapanda bei, na mtu asiye na nguvu hawezi kuishi muda mrefu juu ya kitu kilichopanda bei.

Sasa njoo mjini. Ukitembea Uhuru Highway kutoka Nyayo House ukielekea Museum Hill, unakanyaga palipokuwa reli. Kwa miaka mingi treni ya kwenda Uganda ilitoka stesheni, ikapita pale ambapo leo kuna magari manne yakipigania raundabauti, ikapanda kuelekea Westlands na Kabete. Magari yalikuwa yanasimama kwenye barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue kungoja treni ipite. Mji ulipokua, reli ikaonekana inakata sehemu nzuri ya mji na ile sehemu nzuri zaidi ya mji. Katikati ya karne ya 20, wakati wapangaji walipokuwa wanachora mji mkuu wa kikoloni (mpango wao mkuu ulitoka 1948), reli ikaondolewa pale na kuzungushwa kusini. Nafasi yake ikawa barabara pana yenye miti na maua. Na treni? Treni ikapelekwa kupita Kibera.

Kwa nini Kibera? Jiografia ina sehemu yake. Mteremko wa huko ulifaa. Lakini ardhi ya Kibera pia ilikuwa na sifa moja ambayo kila mpangaji wa reli huipenda: ilikuwa na watu, ila haikuwa na wenyewe. Askari Wanubi wa King's African Rifles waliwekwa huko mwanzoni mwa karne, kwenye msitu, na "kibra" kwa lugha yao ni msitu. Mwaka 1918 eneo hilo lilitangazwa rasmi kuwa la jeshi, ekari 4,197. Waliruhusiwa kukaa. Hawakupewa hati. Kwa serikali walikuwa wapangaji wasiolipa kodi, na mpangaji wa namna hiyo haulizwi reli ipite dirisha lipi. Wanubi walikuja kupata hati ya jamii mwaka 2017, karibu karne nzima baadaye. Ilikuwa ya ekari 288.

Auntie yangu aliuza mboga na omena kando ya hiyo reli, upande wa Laini Saba, kwa zaidi ya miaka ishirini. Nikiwa mdogo nilidhani treni ni kitu kinachopita sokoni kama mnunuzi mwingine tu. Honi ikisikika kutoka mbali kila mtu alivuta gunia lake hatua mbili nyuma, bila haraka, hata bila kukatiza stori. Ikishapita, magunia yalirudi juu ya mataruma na bei ziliendelea pale zilipoachwa. Watu walijua umbali wa treni kwa masikio, kwa mtetemo wa sufuria.

Machi 2004 shirika la reli lilitoa notisi. Kila aliyejenga au kufanya biashara ndani ya futi mia, yaani kama mita 30, kutoka kwenye reli, aondoke kwa siku 30. Ukichukua mita 30 kila upande ukazilaza juu ya Kibera na Mukuru unaona maelfu ya vyumba, shule, makanisa, misikiti, zahanati, vinyozi. Auntie anasema notisi ilisomwa kwanza na vijana waliokuwa wanapita shule, kisha ikasomwa kwa sauti kwa wale wasiojua kusoma, na mtu mmoja akacheka akidhani ni tangazo la kampeni.

Kilichofuata ndicho kipande cha historia hii ambacho natamani kingefundishwa shuleni, maana kwa mara moja mambo hayakwenda kama kawaida. Wakazi, pamoja na Pamoja Trust na mtandao wa kimataifa wa wakazi wa mitaa ya mabanda, waliwachukua maofisa wa reli hadi Mumbai. Huko kuna watu waliokuwa wakiishi karibu na reli kiasi cha kuweza kugusa treni wakiwa wamekaa mlangoni. Walikuwa wamejiunga kwenye shirikisho lao, wakajihesabu wenyewe nyumba kwa nyumba, wakaingia kwenye meza ya mazungumzo wakiwa na takwimu ambazo serikali yenyewe haikuwa nazo. Maelfu ya familia zilihamia nyumba nyingine bila tingatinga kutumwa usiku, na treni zikaongezewa mwendo. Maofisa wetu waliona kwamba ukanda wa reli unaweza kufunguliwa bila kumwaga watu barabarani.

Waliporudi, hesabu ikaanza hapa. Serikali ikakubali mpango wa kuhamisha watu, Benki ya Dunia ikaingia na mkopo, ukanda ukafanywa mwembamba kuliko ule wa notisi ili watu wachache zaidi waguswe, na wazo likawa kuwajengea vyumba na vibanda palepale kando, halafu ukuta kati yao na reli. Kwenye karatasi ni sentensi moja. Kwenye mtaa ilichukua zaidi ya miaka kumi.

Nilimuuliza siku moja, tukiwa tumekaa kwenye kibanda chake kipya, ukuta ukiwa mgongoni kwetu.

"Auntie, ulipewa karatasi yoyote?"

"Karatasi ya nini, mwanangu? Nilipewa namba. Waliiandika kwa mlango na chaki ya rangi. Mvua ikinyesha natoka nje kuangalia kama bado iko."

"Na ikifutika?"

"Nilikuwa nimenunua rangi yangu."

Katikati ya kungoja huko ikaja Januari 2008. Baada ya uchaguzi uliovurugwa, vijana wa Kibera waling'oa reli. Picha zilizunguka dunia nzima: vyuma vimepindwa, mataruma yamebebwa, mizigo ya Uganda imekwama. Watoa habari waliita ghasia, na zilikuwa ghasia. Ila nadhani kuna kitu kilichowapita. Kijana wa Kibera hakuwa na njia nyingi za kufanya nchi isimame imsikilize. Hakuwa na barabara kuu ya kufunga wala bandari ya kugomea. Alikuwa na hiyo laini moja inayopita nyuma ya nyumba yao, ambayo hakuna aliyemuuliza kama ipite. Akaishika hiyo.

Turuke hadi 2016. Serikali inataka kutoa SGR Nairobi hadi Naivasha, kilomita 120, na katikati kuna jiji. Njia saba zikapimwa. Zile zilizopita nje ya Mbuga ya Nairobi zilipita mahali penye watu wenye ploti, na ploti za Rongai, Kiserian na Ngong mwaka huo zilikuwa zinauzwa kwa bei ya kumtia mtu kizunguzungu. Iliyochaguliwa ikapita ndani ya mbuga, kwa daraja la kilomita 6 juu ya nguzo ili twiga wapite chini. Mbuga ilitangazwa 1946, ya kwanza nchini, na ina kilomita za mraba 117 tu. Ukiwa juu ya hilo daraja unaziona zote.

Kelele zilizopigwa zilikuwa halali. Watetezi wa wanyama walikwenda kwenye baraza la kesi za mazingira na likaamuru kazi isimame. Upande wa pili, hata mtu kama Richard Leakey, aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya KWS, alisema daraja ndiyo njia yenye nafuu kati ya zilizokuwepo. Mapema 2018 mitambo iliingia mbugani kesi ikiwa bado haijatulia, na watu wakaandamana mjini. Oktoba 2019 treni ya kwanza ikapita.

Nikisoma hoja za wakati ule narudi palepale pa Kibera. Hoja nzito kuliko zote kwa ajili ya njia ya mbugani ilikuwa fidia. Nje ya mbuga unalipa. Ndani ya mbuga unajilipa mwenyewe, serikali kwa serikali. Swala hana wakili. Wengi wetu wa Rongai tulinyamaza kwa furaha, tuseme ukweli, kwa sababu reli ilipita kwa simba badala ya kupita kwa landlord. Waliopiga kelele zaidi walikuwa watu wanaopenda mbuga, na wengi wao hawaishi Kibera. Nawaheshimu kwa hilo. Nataka tu kuuliza kwa nini mita 30 za Mukuru hazikuwahi kupata waandamanaji wenye mabango mazuri hivyo.

Na msidhani mambo haya yaliisha na uzoefu wa Mumbai. Februari 2021, wakati reli ya zamani ya Nakuru hadi Kisumu ilipokuwa inafufuliwa, nyumba za Wanubi wa Kibos, nje kidogo ya Kisumu, zilibomolewa usiku. Ni Wanubi walewale, wajukuu wa jeshi lilelile, waliowekwa kando ya reli ileile na serikali iliyowaleta. Watu walilala nje katikati ya korona, wakati tulikuwa tunaambiwa kila saa tukae nyumbani.

Sheria ya kuzuia haya ipo. Kifungu cha 40 cha Katiba kinasema serikali ikichukua ardhi ya mtu ilipe fidia ya haki, kwa ukamilifu na bila kuchelewa. Aya ya nne ya kifungu hicho, ambayo watu hawainukuu sana, inafungua mlango wa kuwalipa hata wale wanaokaa kwenye ardhi kwa nia njema bila hati. Tangu mabadiliko ya sheria za ardhi ya 2016, kumwondoa mtu kwenye ardhi kunahitaji notisi ya miezi mitatu, hata kama anahesabiwa kuwa yuko pale isivyo halali. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ilishughulikia kesi ya wakazi wa Muthurwa, nyumba za wafanyakazi wa reli, na ikasema wazi kwamba kumfukuza mtu bila utaratibu ni kumvunjia haki ya makazi. Muthurwa ilijengwa na reli yenyewe kwa ajili ya watu wa reli, na bado ilibidi waende kortini.

Sasa kuna laini nyingine. Riruta hadi Ngong, kama kilomita 12, kipimo cha zamani cha mita moja, ya treni za abiria wa kila siku. Ikitoka Riruta inapita maeneo ya Lenana na Karen, inashika Bulbul, inamalizia Ngong. Jina la Lenana, kama ulikuwa hujaunganisha, ni Olonana yule wa mkataba wa 1904. Kwa mara ya kwanza katika stori hii yote, reli ya Nairobi inajadiliwa kando ya ua za Karen, ambako kila mtu ana hati, wakili na namba ya simu ya mtu fulani. Mimi naitaka hii reli. Mtu wa Ngong anayetoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri ili afike Industrial Area saa mbili anaitaka kuliko mimi. Natumaini pia kwamba wenye ua watauliza maswali yao yote, wadai ramani, wadai ripoti ya mazingira, wachelewesha mkutano hadi kila mtu aongee, kwa sababu kila jibu watakalopewa wao linaweza kudaiwa na mwingine kesho.

Ila angalia ramani vizuri. Treni ya Ngong ikifika Riruta haijafika tao. Inaingia kwenye laini ya zamani, na laini ya zamani inashuka moja kwa moja kupitia Kibera, nyuma ya ukuta wa Auntie. Treni zikiwa nyingi, siku moja mtu ataona laini moja haitoshi, atataka ya pili kando yake, na mita zitaanza kuhesabiwa upya kutoka kwenye chuma kuja kwa mlango.

Nilimweleza haya Jumapili moja. Alikuwa anapanga nyanya mafungu mafungu, hakuinua kichwa.

"Hao wa Karen," akauliza, "wakiguswa wanapewa siku ngapi?"

Nikamwambia wana hati, kwa hivyo kwao si notisi ya kuhama. Kwanza itangazwe kwenye Gazeti Rasmi, zipite siku 30 ndipo Tume ya Ardhi ipange tarehe ya kuwasikiliza kuhusu fidia, halafu thamani ipigwe, halafu walipwe. Nikamwambia hata asiye na hati siku hizi ana miezi mitatu.

"Siku 30 ndiyo waanze kusikilizwa," akasema, akaongeza nyanya moja kwenye fungu lililoonekana dogo. "Sisi ilikuwa tumalize."